Utangulizi: Akiba ya Mbuni

Ukipita Kasulu au Buhigwe, mkoani Kigoma, baada ya mavuno makubwa, utakuta mibuni imesimama kama mifagio: matawi yamekauka kuanzia nchani, majani yamepukutika. Mwenye shamba atakwambia ni ugonjwa. Pengine ni kweli. Lakini huenda mti umezaa kupita uwezo wake.

Karibu katika fiziolojia ya mimea. Huhitaji maabara kuianza. Kata kitawi cha mbuni (mti wa kahawa, si ndege) wenye majani tele, kisha dondoshea iodini ileile ya shuleni kwenye mkato. Ukiona bluu iliyokolea karibu na weusi, huo ni wanga: sukari iliyotengenezwa na majani ikawekwa ghalani. Kwenye mti uliozaa ukachoka, iodini hubaki na hudhurungi yake.

Mbuni wa arabika ulitokea chini ya miti mikubwa ya misitu ya Ethiopia. Kivulini maua ni machache, hivyo haukuzoea kupunguza mimba zake. Mwembe hupukutisha embe changa bila huruma. Mbuni ukishashika tunda hauliachi kirahisi. Uweke juani, uchanue wote baada ya mvua za kwanza, nao utajikuta na watoto usioweza kuwalisha. Miezi kadhaa baadaye punje zinapojaa, huvuta sukari kwa nguvu kuliko mizizi na machipukizi. Majani hayatoshi, ghala linafunguliwa, linakwisha. Mizizi hufa njaa chini kwa chini, nasi hatuioni. Na kwa kuwa mbuni huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyorefuka msimu uliopita, tawi lisilorefuka mwaka huu halina pa kubebea tunda mwakani.

Melvin Cannell alichapisha mwaka 1971 vipimo vya mibuni ya Kenya, akionyesha jinsi matunda yanavyojigawia chakula cha mti. Mwanafunzi aanzie hapo.

Bado kuna suala la aina. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania yenye kituo Mwayaya wilayani Buhigwe, imetoa aina zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Mti usiougua hubaki na majani, yaani kiwanda chake. Ila ukizaa sana, unatumia sana. Hesabu hiyo ndiyo inayonivutia kuliko ukubwa wa mavuno ya mwaka mmoja.

Usipopata mbuni, mwembe utakufaa. Kata kitawi mwaka wa embe tele, kingine mwaka wa embe haba, uweke iodini, uandike tarehe.