Dirisha Lisiloogopa Mvua

Kila mkaazi wa visiwa vyetu anaijua adha ya masika. Mvua ikishuka, madirisha hufungwa, na chumba kilichokuwa kikipata upepo hugeuka tanuri. Wenye uwezo huwasha viyoyozi. Wasio nao hujipepea.

Huko Singapore, kisiwa chenye joto na mvua takriban mwaka mzima, wasanifu wa kampuni ya WOHA, Wong Mun Summ na Richard Hassell, hawakukubali kwamba adha hiyo haina dawa. Katika jumba la ghorofa 28 la Moulmein Rise, lililokamilika mwaka 2003, walitia madirisha yaliyochomoza nje ya ukuta, na chini ya kila moja wakaacha uwazi wenye kifuniko cha kusukuma. Mvua huanguka kutoka juu, ikakosa njia. Upepo hupanda kutoka chini, ukaingia ndani. Fikra hiyo waliichota katika nyumba ndefu za jadi za Borneo. Mwaka 2007 jumba hilo lilipewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu wa Majengo.

Ni kweli kwamba jumba lile lilijengwa kwa watu wenye nafasi. Lakini uwazi chini ya dirisha si anasa. Ni akili ya mafundi wa zamani. Na sisi akili kama hiyo tunayo: kuta nene za mawe na chokaa, ua wa ndani na baraza ya nje ni miongoni mwa sifa za Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, yaliwapatia wananchi makaazi ya kisasa, na sifa hiyo haiondoki. Hata hivyo, ramani zake zilifuata desturi ya Ulaya kuliko ya kwetu.

Ardhi ya kisiwa haiongezeki, na ghorofa hazikwepeki. Kwa hiyo tunawaomba wanaopitisha ramani wasiridhike na hesabu ya vyumba na nondo peke yake. Waulize pia: kaskazi na kusi zitaingilia wapi? Majirani watabarizi wapi? Faragha ya familia itahifadhiwa vipi? Atakayelipia umeme wa kiyoyozi miaka nenda miaka rudi hana kiti katika kikao hicho. Ni wajibu wa wenye viti kumsemea.