REHANI: NENO MOJA, ASILI MBILI

Katika lugha ya Kiswahili yapo maneno ambayo kwa kutamkwa na kuandikwa ni sawasawa, lakini kwa asili hayana udugu wowote. Mojawapo ni neno "rehani". Mwanamke wa Lamu akisema anatafuta rehani, huenda ataka majani ya kunukia. Mkulima wa Nyeri akisema shamba lake li katika rehani, maana yake ni kwamba shamba hilo limefungwa kwa deni. Yafaa tuyapambanue maneno haya, kwa kuwa asiyelijua vema hilo la pili aweza kupotewa na mali yake.

REHANI YA KUNUKIA

Mmea wake huitwa mrehani. Ni mmea mdogo wenye majani ya harufu nzuri, nao hupandwa uani karibu na nyumba. Katika miji ya pwani majani yake hufungwa pamoja na asmini kuwa kikuba, ambacho wanawake hujipamba nacho, hasa siku za harusi. Neno hili latokana na Kiarabu "rayhan", nalo limo katika Kurani, sura ya 55, aya ya 12. Shina lake ni lile lile lililotupa maneno "roho" na "raha".

REHANI YA DENI

Neno hili nalo ni la Kiarabu, lakini latoka katika shina jingine: "rahn", ambalo wingi wake ni "rihan", yaani kitu kinachoshikwa mpaka deni lilipwe. Kurani yalitaja katika sura ya 2, aya ya 283, inayohusu watu wanaokopeshana safarini wala hawana mwandishi wa kuandika mapatano yao.

Msomaji aweza kuuliza: Basi yalilinganaje? Jibu ni hili. Kiarabu kina herufi mbili kwa sauti ambazo sisi twaziandika kwa h moja. Ya kwanza hutamkwa kwa kukaza koo, nayo ndiyo iliyomo katika jina la mmea. Ya pili ni pumzi nyepesi, nayo imo katika jina la deni. Waswahili walipoyatwaa maneno haya, tofauti hiyo ikapotea katika matamshi ya wengi, na herufi za Kilatini hazikuirudisha.

KUWEKA REHANI SI KUUZA

Mwaka 1954 Mpango wa Swynnerton uliazimia kuwapa wakulima wa Kenya hati za mashamba yao, na sababu moja ilikuwa wapate kukopa fedha za kuyaendeleza. Tangu hapo hati ya shamba imekuwa rehani inayojulikana sana.

Aliyeweka shamba rehani hajaliuza. Lingali lake, naye aendelea kulilima na kuvuna, ila mkopeshaji ana haki juu yake iliyoandikwa katika ofisi ya ardhi. Deni likiisha, haki hiyo sharti ifutwe katika daftari. Lakini asipolipa, mkopeshaji aweza kuliuza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 haimruhusu kufanya hivyo ghafula: sharti kwanza amwonye mdaiwa na kumpa muda wa kulipa, kisha atoe ilani nyingine ya siku zisizopungua 40 kabla ya kuuza. Tena, nyumba ya mume na mke haiwezi kuwekwa rehani na mmoja wao bila idhini ya mwenziwe.

Wahenga walisema: Kukopa harusi, kulipa matanga. Basi kabla ya kutia sahihi au kidole gumba, mwenye shamba na aulize mambo manne: adaiwa kiasi gani pamoja na riba, alipe lini, akichelewa itakuwaje, na hati yake atarudishiwa kwa njia gani. Kama karatasi imeandikwa kwa lugha asiyoijua, amtafute mtu anayemwamini amsomee yote. Ilani ikimfikia asiifiche chini ya mto, bali aende upesi kwa mkopeshaji au kwa wakili, maana siku alizopewa huanza kuhesabiwa mara tu apokeapo ilani hiyo.