Mbona Serikali Haiwezi Kumtoa Bosi wa Mpira? Hii Ndiyo Stori ya FKF, FIFA na Mwaka Wenye Mayut wa Mtaa Walilipia

Serikali ikitaka kubomoa nyumba za watu Eastlando, tingatinga inafika alfajiri kabla hata hujavaa viatu. Ikitaka kufunga soko, kanjo wanajaa lori mbili na kazi imeisha. Lakini ikitaka kumtoa mwenyekiti wa mpira? Hapo inagonga ukuta. Na huo ukuta hauko Nyayo House wala Kasarani. Uko Zurich, Uswizi.

Hili swali huzua kelele kwa kila base kutoka Kayole hadi Shauri Moyo, na wasee wengi hulijibu tu na matusi. Leo tulipange polepole, kwa sababu ukielewa venye huu mchezo umeundwa, utajua mbona pesa ya mpira hupotea na hakuna mtu hufungwa.

Nini ilifanyika 2021?

Nick Mwendwa alichaguliwa rais wa Football Kenya Federation, FKF, Februari 2016. Kabla ya hapo jina lake lilikuwa limeshikana na Kariobangi Sharks, timu ya hapa hapa mtaani, na wengi walimwona kama kijana wa tekinolojia amekuja kufagia uchafu wa wazee. Akarudi ofisini tena Oktoba 2020.

Lakini maswali ya doo hayakuisha. Kulikuwa na pesa serikali ilitoa ya Harambee Stars kwenda AFCON 2019 kule Misri. Kulikuwa na stori ya gari la kurushia mechi kwa runinga, ambalo zaidi ya shilingi milioni 100 zililipwa na halikuwahi kufika. FKF ilijitetea kwamba kampuni iliyouziwa hiyo kazi ndiyo ilianguka. Kulikuwa pia na deni la kochi Adel Amrouche, aliyefutwa 2014 kabla mkataba uishe. Hiyo moja Mwendwa aliirithi kutoka kwa uongozi wa kabla yake, ikafika mamilioni ya pesa kwa sababu ya kesi na riba.

Oktoba 2021, Waziri wa Michezo Amina Mohamed akatuma kamati ikague vitabu vya FKF. Tarehe 11 Novemba akavunja ofisi nzima akitumia Sheria ya Michezo ya 2013, akaweka kamati ya muda chini ya jaji mstaafu Aaron Ringera. Kesho yake Mwendwa akashikwa. Mtaa ukashangilia. Wengi waliona hatimaye mtu mkubwa ameguswa.

FIFA ikaandika barua: rudisheni watu wetu. Serikali ikakataa. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, pamoja na Zimbabwe ambayo ilikuwa imefanya kitu kama hicho.

Nani alilipa bei?

Hapa ndipo stori inauma. Mwendwa alishtakiwa, lakini baadaye mashtaka yakaondolewa. Hakuna mahakama iliyompata na hatia. Kwa sheria, hiyo ndiyo hali.

Sasa angalia upande wa wachezaji. Kenya ilikuwa imepangwa Kundi C la kufuzu AFCON 2023, na Cameroon, Namibia na Burundi. Tukatolewa bila kugusa mpira. Harambee Starlets walikuwa wacheze na Uganda kutafuta nafasi ya AFCON ya wanawake, lakini huo mvutano wa ofisi ukawatoa nje na Uganda wakapita bure. Tusker wakashinda ligi na hawakuenda Champions League ya Afrika. Marefa wa Kenya nao wakakaa nje ya mechi za kimataifa.

Ukiwa na miaka 35 na kitambi, miezi tisa si kitu. Ukiwa straika wa miaka 21 kutoka Mathare au Dandora, mechi ya kufuzu ndiyo dirisha lako. Hapo ndipo skauti wa Sweden au Ubelgiji anakuona. Dirisha likifungwa mwaka mmoja, ukirudi kuna kijana wa miaka 19 amekalia kiti chako. Hiyo hasara haiandikwi kwa ripoti yoyote ya ukaguzi.

Mwisho wa Novemba 2022, serikali mpya ikiwa imeingia na Ababu Namwamba akiwa waziri, ofisi ya FKF ilirudishwa na FIFA ikatufungulia. Yaani tulizunguka tukarudi pale pale tulianzia, isipokuwa mwaka wa mayut ulikuwa umeenda.

FIFA inatetea nini haswa?

Katiba ya FIFA inasema kila shirikisho lazima lijisimamie bila kuingiliwa na mtu wa nje, na serikali ni mtu wa nje. Ukivunja hiyo, unafungiwa. Kenya tuliijua kitambo: tulifungiwa 2004, tukafungiwa tena 2006, zote zikiwa vita za ofisi na serikali.

Na usikimbilie kusema hiyo sheria ni ujinga. Fikiria bila hiyo. Kila waziri akiingia anaweka binamu yake mwenyekiti. Kila mheshimiwa anataka kijana wa kijiji chake awe namba tisa. Na serikali yetu pia si malaika kwa mambo ya mpira. AFCON ya 1996 ilikuwa ichezewe Kenya, tukapokonywa, ikaenda Afrika Kusini. CHAN 2018 pia tukapokonywa kwa sababu viwanja havikuwa tayari, ikaenda Morocco. Uwanja wa Dandora nao ulikaa miaka ukijengwa na kusimama, kujengwa na kusimama, na hiyo haikuwa kazi ya FKF, ilikuwa ya kaunti.

Kwa hivyo sheria ina maana. Shida ni kwamba ukuta unaozuia mwanasiasa asiingie ndio huo huo unamficha mwizi akiwa ndani.

Hesabu ya kura 211

Sasa tupande juu. FIFA ina wanachama 211. Rais wake anachaguliwa na hao 211, na kila mmoja ana kura moja. Brazil kura moja. Kenya kura moja. Kisiwa chenye watu hawajazi hata Umoja One, kura moja.

Hiyo inasikika poa sana, ni usawa. Lakini weka pesa ndani. Kupitia mpango wa FIFA Forward, kila shirikisho linaweza kupata hadi dola milioni 8 kwa kipindi cha 2023 hadi 2026. Hiyo ni zaidi ya shilingi bilioni moja za Kenya. Imekusudiwa viwanja, timu za vijana, mpira wa wanawake, ofisi.

Ona mzunguko. Rais wa FIFA anatuma doo kwa mashirikisho, na mashirikisho ndiyo yanampigia kura. Ukiwa na swali gumu kuhusu mtu wa Zurich, unakumbuka nani hukutumia pesa. Na yeye akiwa na swali gumu kukuhusu, anakumbuka kura yako iko wapi. Hakuna haja ya mtu kupewa bahasha usiku. Mfumo wenyewe unafundisha watu kunyamaza.

Sawa, mbona Marekani waliweza?

Tarehe 27 Mei 2015, polisi wa Uswizi waliingia hoteli ya Baur au Lac mjini Zurich asubuhi na mapema, wakatoa maafisa saba wa mpira kwa vyumba vyao. Marekani ilikuwa imefungulia watu 14 mashtaka, ikisema hongo ya zaidi ya dola milioni 150 ilikuwa imetembea kwa zaidi ya miaka 20, hasa kwa haki za kuonyesha mechi na kuuza matangazo kule Amerika.

Siku mbili baadaye, Sepp Blatter akachaguliwa tena rais wa FIFA, kura za mashirikisho zikifanya kazi yake. Lakini tarehe 2 Juni akatangaza anatoka. Baadaye kamati ya maadili ikamfungia yeye na Michel Platini kwa malipo ya faranga milioni 2, ingawa mahakama za Uswizi ziliwaondolea hatia 2022 na tena 2025. Wengine hawakuwa na hiyo bahati. Desemba 2017 wakubwa wawili wa soka ya Amerika Kusini, José Maria Marin na Juan Ángel Napout, walipatikana na hatia New York.

Uliza swali lenye wengi husahau: mbona FIFA haikuifungia Marekani? Hii ndiyo nchi ilishika watu wa FIFA wenyewe, wakiwa mkutanoni.

Jibu: kwa sababu Marekani haikugusa ofisi. Haikuvunja shirikisho lolote. Haikuweka jaji mstaafu akae kwa kiti cha mtu. Ilifuata pesa. Hongo ilikuwa imepitia benki za Marekani, na kutumia benki yao kwa utapeli ni kosa lao, uwe wa mpira au muuza nyanya. Walichunguza miaka kadhaa kimya kimya, wakapata watu wa ndani wa kutoa siri kama Chuck Blazer, halafu wakashika mtu mmoja mmoja kwa jina lake na kosa lake.

Sisi tulifanya kinyume. Tulivunja ofisi kwanza, tukashika mtu kesho yake, halafu kesi ikayeyuka. FIFA ilipata sababu ya kutufungia, na mshukiwa akapata sababu ya kusema hizi ni siasa. Katiba ya FIFA haijasema mwenyekiti wa mpira hawezi kufungwa kwa wizi. Imesema waziri hawezi kumbadilisha. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Nani humchagua huyo bosi?

Kama waziri hawezi kumtoa, basi nani anaweza? Wapiga kura wake. Na hapa ndipo wasee hushtuka: rais wa FKF amekuwa akichaguliwa na watu hawafiki 100. Si mashabiki. Si wachezaji. Ni wajumbe wa klabu na matawi ya kaunti. Nairobi ina matawi mawili, Mashariki na Magharibi, na sisi wa Eastlando tuko Nairobi East.

Watu chini ya 100 wanatosha kwa matatu tatu kubwa. Ukiwa na wengi wao, umeshinda. Ndio maana vita kubwa huwa kwa sheria za nani anaruhusiwa kupiga kura na kusimama, si kwa manifesto. Mahakama ya Mizozo ya Michezo ilifuta mchakato wa uchaguzi wa FKF mara mbili, Desemba 2019 na Machi 2020, kwa sababu ya hayo hayo masheria.

Lakini pia kumbuka kitu. Tarehe 7 Desemba 2024 pale Kasarani, wajumbe walimchagua Hussein Mohammed, na McDonald Mariga, kijana aliyesoma Kamukunji High akacheza hadi Inter Milan, akawa naibu. Mwendwa, mihula yake miwili ikiwa imeisha, alikuwa amesimama kama mgombea mwenza wa Doris Petra. Wakashindwa. Hakuna FIFA iliyolalamika, hakuna timu ilifungiwa. Kile waziri alishindwa kufanya na amri moja, kura ilifanya mchana mmoja.

Hiyo haimaanishi sasa kila kitu ni safi. Ofisi mpya lazima iulizwe maswali yale yale, na mapema, kabla izoee viti. AFCON 2027 tunaiandaa na Tanzania na Uganda, na pesa ya mashindano kama hayo ni tamu.

Sasa wewe wa mtaa ufanye nini?

Kwanza, kama uko na timu ya mtaa, yenye inacheza Camp Toyoyo, Umeme Grounds au kwa vumbi lolote lile, uliza: imesajiliwa tawini? Timu haijasajiliwa haina sauti, hata ikifunga mabao kumi Koth Biro. Ikiwa imesajiliwa, mwenyekiti wa timu yako alienda uchaguzi wa tawi? Alimpigia nani, na aliwauliza?

Pili, mjue mtu wa tawi lako. Wengi wetu tunamjua rais wa FIFA kwa sura lakini hatujui jina la mwenyekiti wa Nairobi East, na huyo ndiye anabeba kura.

Tatu, itisheni hesabu zilizokaguliwa. Ikiwa pesa ya umma iliingia, kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inayokuruhusu kuandika na kuuliza ilitumikaje. Serikali nayo iwachie wachunguzi kazi ya wachunguzi: ifuate shilingi hadi mfuko iliingia, kisha iende kortini na kesi iliyoiva.

Kelele ya waziri kwa runinga inatupa raha ya wiki moja. Kiti cha FKF kinaamuliwa na watu hawafiki 100, na wengine wao wanaishi karibu na wewe. Waanze kusikia maswali yako sasa, si 2028.