Rangi ya Mkeka Isiue Mkoko

Mkeka wa ukindu si kitu kigeni katika nyumba ya Kizanzibari. Humkaribisha mgeni, hutandikwa harusini na matangani, na bei yake humsaidia mama wa shamba kumnunulia mwanawe daftari. Lakini mnunuzi, kabla hajatoa fedha, huitazama rangi. Hapo ndipo lilipo jambo tunalotaka kulisema leo.

Wasukaji wengi wamezoea rangi za unga za dukani. Hung'ara na huchemka upesi, ila hazipatikani bila ya fedha taslimu. Kwa hiyo twafurahi kuona baadhi ya akina mama wakizirejea rangi za mimea inayoota mashambani mwao wenyewe.

Mimea hiyo ipo. Manjano hutoa rangi ya njano, ingawa hupauka juani. Mbegu za mzingefuri, zikichemshwa katika maji ya majivu, hutoa rangi ya machungwa. Majani ya hina hutoa kahawia yenye wekundu. Gome la mkoko hutoa wekundu uliokoza, na likitiwa chuma chenye kutu rangi hugeuka nyeusi. Shabu kidogo huisaidia rangi kushika.

Tahadhari yetu ni kwa hilo gome. Mti uliobanduliwa gome pande zote hufa; na mikoko ikifa, mawimbi huila pwani na samaki hukosa mazalio. Sheria Namba 10 ya mwaka 1996 ilitungwa ili misitu yetu ihifadhiwe, na mkeka usiwe kisingizio cha kuivunja. Hina na mzingefuri huchumwa na mti ukabaki. Manjano hupandwa upya kwa vipande vyake.

Tunawaomba maofisa wa kilimo wavipatie vikundi vya wasukaji miche ya mzingefuri na hina. Wenzao wa misitu nao waangalie kama gome la boriti zilizokatwa kwa kibali laweza kupewa wasukaji badala ya kuachwa lioze.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Kuvuna ukindu, kuuanika, kuuchana, kuuchemsha, kusuka ukili na kuushona ni kazi ya siku nyingi. Anayeng'ang'ania kupunguziwa bei ya mkeka humsukuma msukaji atafute rangi isiyomgharimu kitu, nayo ni gome la mkoko. Tulipe bei ya haki, na mikoko ibaki imesimama.