Mifupa Yetu Ina Uhai

Watu wengi husema kuwa mifupa ni nguzo za nyumba ya mwili. Maneno hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Nguzo ikivunjika haijiungi. Mfupa ukivunjika hujiunga wenyewe, kwa sababu una damu na una uhai. Jambo hilo ndilo nitakalo kulieleza.

Mtu mzima ana mifupa 206. Mtoto mchanga ana vipande karibu 300, na vingi huungana kadiri anavyokua. Ndiyo maana utosi wake huwa laini, kisha hufunga. Fuvu la kichwa lina mifupa 22, na 8 kati yake huuzunguka ubongo. Shingoni mna pingili 7. Twiga wa Serengeti naye ana 7 tu, ila zake ni ndefu sana. Mbavu ni 24, kwa mwanamume na kwa mwanamke vilevile. Asemaye kuwa mwanamume amepungukiwa na ubavu mmoja, na azihesabu. Zaidi ya nusu ya mifupa yote imo katika viganja na nyayo, pamoja na vifundo vyake, kwa maana kiungo kinachoshika kalamu na jembe hakina budi kukunjika mahali pengi.

Ndani ya mifupa mna uboho, nao hutengeneza chembe za damu. Mfupa ukivunjika, damu huganda mahali pale, kisha huota mfupa laini, ambao baadaye huwa mgumu. Mkono wa mtoto huweza kuunga kwa majuma machache. Paja la mtu mzima huhitaji miezi.

Lakini mfupa huunga vile ulivyokaa. Ukikaa umepinda, utaunga umepinda. Huku kwetu Tarime na Serengeti vijana huanguka mitini, huteleza vilimani wakichunga ng'ombe, na siku hizi huanguka na pikipiki. Wengine huvutwa na kukandwa nyumbani, na ncha kali za mfupa huweza kukata nyama na mishipa. Wengine huachwa hivyo hivyo mpaka mkono umekuwa kilema.

Basi, ndugu wanafunzi, mwenzenu akivunjika msimvute wala msimkande. Fungeni vipande viwili vya mbao au fito kandokando ya kiungo kwa kitambaa, bila kukaza mno, vipite kifundo cha juu na cha chini ya palipovunjika. Kisha mpelekeni hospitali siku ile ile. Akiwa ameumia shingo au mgongo, asiinuliwe ovyo, maana ndani ya uti wa mgongo mmepita mishipa ya fahamu.

Nanyi wazazi wetu, mifupa inayokua hutaka chakula chake. Maziwa tunayo, na dagaa wa Ziwa Victoria, ambao huliwa pamoja na mifupa yao, wamo sokoni. Mtoto na apewe.