Mgeni wa Baharini Mwenye Miiba ya Sumu

Jirani zangu wa Ruiru hushangaa kuikuta bahari sebuleni. Ndani ya tangi langu la kioo anaelea samaki-simba wa Bahari ya Hindi, mwenye mistari myekundu na mapezi kama manyoya. Lakini, ndugu msomaji, miiba yake 13 ya mgongoni ina sumu.

Siku moja nikisafisha tangi alinichoma kidole. Maumivu yakapanda hadi kwapani. Mke wangu aliandaa maji ya moto, akayapima kwa mkono wake yasizidi nyuzi 45, nikatumbukiza changu, maana joto huiharibu sumu hiyo. Kisha tukakimbilia hospitali, Thika.

Sasa natumia wavu wenye mpini mrefu, na kifuniko kina kufuli kwa ajili ya watoto. Samaki hakunikosea, alijikinga tu. Mgeni huyu hutazamwa, hapapaswi.