Usifuate mpira, kaa na mtu wako

Wasee wa raga Migori na Homa Bay, chekini hii. Raga ya mtaani, mpira ukienda kushoto sote tunaukimbilia. Kwa NFL, tabia hiyo inakumaliza ukikutana na timu ya mbio kama Baltimore Ravens ya Lamar Jackson.

Mtego wao ni huu: wanamwacha beki mmoja wa pembeni bila kuzuiwa, makusudi. Jackson anamsoma huyo tu. Beki akimrukia mkimbiaji, Jackson anabaki na mpira na kuchanja mbuga. Akimsubiri Jackson, mkimbiaji anapewa mpira, anapenya katikati. Ukichagua lolote, umeumia.

Dawa? Kila mtu na mtu wake. Mmoja anamkaba mkimbiaji, mwingine Jackson, hata kama hana mpira.

Desemba 2018, Ravens waliwapiga Chargers 22-10. Wiki mbili baadaye, 6 Januari 2019, wakakutana tena kwenye mechi ya mtoano. Chargers walipunguza mabeki wazito, wakajaza saba wepesi karibu mechi nzima. Ravens wakapata yadi 90 tu za mbio. Chargers wakashinda 23-17.

Na si mambo ya Wamarekani pekee. Mkenya Daniel Adongo alitoka kwa raga akaingia safu ya ulinzi ya Indianapolis Colts mwaka 2013.

Kwa hivyo mazoezini jaribu: mpira ukienda kushoto, baki kwako kwanza. Utaitwa mvivu. Lakini ukirudi kulia ghafla, ni wewe pekee utakayekuwa pale.